Hesabu za Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, yuko mama mmoja mwenye asili ya Kivu ambaye kwa miaka kadhaa wenzake wamemwamini kuwa mwandishi wa hesabu wa chama chao cha kuweka na kukopa. Wanachama ni 25, wengi wao akina mama kutoka Kongo na Burundi. Kila juma hukutana na kufungua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Utaratibu huo haukubuniwa Nakivale. Ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, kisha ukaenea katika nchi nyingi za Afrika kwa sababu hauhitaji benki wala dhamana ya shamba, vitu ambavyo mkimbizi aghalabu hana.

Mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano kwa kila mkutano. Katika chama hiki hisa moja ni shilingi 2,000. Fedha hizo hukopeshwa kwa faida ndogo, na mwaka unapokwisha sanduku hugawanywa: jumla ya fedha zote hugawiwa kwa jumla ya hisa zote, na kila mtu hupewa kwa kadiri ya hisa zake. Ni hesabu ya darasa la sita, lakini ndani yake mna karo ya mtoto, bati la nyumba na mtaji wa nyanya sokoni.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mama huyu alikuwa na madaftari mawili. La kwanza la karatasi. La pili lilikuwa jedwali katika kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika na wengine, aliyoinunua kwa fedha ya kushona nguo. Mwezi wa Desemba 2023 hesabu zilimpendeza. Sanduku lilihesabiwa mbele ya wote, zikapatikana shilingi 7,176,000. Hisa zilikuwa 3,120. Kila hisa, basi, ilistahili shilingi 2,300. Kwa nia njema kabisa akalituma jedwali hilo, kama lilivyo, katika simu za wanachama, ili kila mtu ajionee mwenyewe kabla ya siku ya mgawo.

Siku mbili baadaye maneno yalianza kisimani. Katika simu nyingine jedwali lilionyesha kwamba hisa moja ni shilingi 2,399, wala si 2,300. Nani amekula shilingi 99 za kila hisa? Aliyeuliza hakutaja jina, na watu wa makambi wanajua kwamba swali la namna hiyo lina jina tayari. Jirani mmoja aliyekuwa akimwita dada alianza kumwita “mhazini”. Mume wake alimshauri ajiuzulu kabla hajafukuzwa. Yeye alilia usiku, asubuhi akaifunga kompyuta katika kitenge na kupanda gari kwenda Mbarara.

Mjini Mbarara alikuwako mzee mmoja, askari polisi mstaafu, aliyekuwa karani wa kituo kwa miaka mingi na sasa ana chumba cha kuchapa na kutoa nakala. Mama humwita Afande ingawa alikwisha kuvua sare zamani. Walizungumza Kiswahili, yeye cha Kivu na mzee cha kambini, maana Uganda jeshi na polisi walikitumia Kiswahili muda mrefu kabla Katiba haijakifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005.

“Nionyeshe lako, na lile la wanaokulaumu,” alisema Afande.

Akayaweka majedwali mawili kando kwa kando. Fedha zililingana. Hisa hazikulingana: moja lilisema 3,120, la pili 2,991. Tofauti ni 129. Mzee akateremka mstari kwa mstari kwa kidole, kama mtu atafutaye jina katika orodha ya mahabusu, mpaka akafika mstari wa 17. Ulikuwa wa mjane mmoja mzee. Katika jedwali la mama hisa zake zilikuwa 143. Katika lile jingine zilikuwa 14. Dole gumba la mtu fulani, pengine mtoto akichezea simu ya mzazi wake, lilikuwa limefuta tarakimu ya mwisho, na kompyuta kwa utii wake wa kipumbavu ikafanya hesabu yote upya: hisa zimepungua, fedha ni zile zile, basi kila hisa imepanda thamani. Kisha jedwali hilo likatumwa kwa wengine. Wizi haukuwapo. Lakini lau mgawo ungefanywa kwa hesabu ile, mjane angepokea shilingi 33,586 badala ya 328,900, na jasho lake la mwaka mzima lingegawanywa kwa watu 24 wenye furaha.

Mama alitaka kulituma lake upya palepale. Afande akamzuia. Jedwali, alimweleza, ni kitu kilicho hai. Kila anayelifungua amepewa kalamu na ufutio. Jikoni linafaa, mezani halifai. Katika kituo cha polisi, kitabu cha matukio hakifutwi. Aliyekosea hupiga mstari mmoja juu ya neno, akatia sahihi pembeni, na kosa lenyewe likabaki likisomeka. Na enzi za taipureta, nakala ya kaboni ilikuwa shahidi, kwa sababu hakuna aliyeweza kuongeza neno bila kuonekana.

Kwa kompyuta, kazi ya nakala ya kaboni hufanywa na hati ya PDF. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Adobe ya Marekani, aliandika wazo la hati itakayoonekana sawasawa katika mashine yoyote. Ikatolewa rasmi mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kanuni ya kimataifa, si mali ya kampuni moja tena. Hati hiyo huweza kubeba herufi zake yenyewe, na ukurasa hauhami kwa kuwa simu ni ndogo au programu ni ya zamani. Fomula hazimo, ila majibu yake tu.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Jedwali la mama lilikuwa na safu moja kwa kila juma, yaani 52, na lilipogeuzwa lilitoka kurasa nyingi zilizotawanyika. Majina yalikuwa huku, majuma kule, na jumla ya fedha katika ukurasa wa peke yake kama yatima. Mama akapendekeza yabanwe yote katika ukurasa mmoja. Programu ilikubali, na ikatoa karatasi iliyojaa sisimizi.

“Mama, hii ataisomaje bibi yetu asiye na miwani?” aliuliza Afande.

Wakaketi wakafanya hati mbili. Ya kwanza ilikuwa muhtasari: namba, jina, hisa, na fedha ya kupokea, katika karatasi moja ya A4 iliyosimama wima. Waliteua kwanza eneo la kuchapwa, ili safu ya namba za simu na ile ya madeni ya watu zisitoke nje. Deni la mtu si habari ya kijiji. Wakaagiza upana utoshee ukurasa mmoja. Walipotazama kabla ya kugeuza, safu ya fedha ilionyesha alama za reli, ########, badala ya tarakimu, kwa sababu safu ilikuwa nyembamba mno. Kosa hilo ni la kuogopwa, maana likigandishwa katika PDF msomaji hana namna ya kuipanua safu. Wakaipanua wao. Hati ya pili ilikuwa ya majuma yote, karatasi ikiwa imelazwa, majuma 13 kila ukurasa, kurasa nne, na majina yakirudiwa katika kila ukurasa. Ndipo wakachagua amri ya kutoa hati kama PDF, iliyomo katika LibreOffice isiyouzwa na katika Excel pia, wakalipa faili jina lenye tarehe. Jedwali lenyewe likabaki kwa mama. Asiyelihifadhi atajuta siku ya kurekebisha.

Afande hakumdanganya. PDF nayo huweza kuchezewa na fundi, na tarakimu iliyoingizwa vibaya itagandishwa ikiwa vibaya vilevile. Kwa hiyo akachapa nakala tatu za muhtasari, zitiwe sahihi na wenye funguo watatu. Alikataa malipo ya kazi, akapokea ya karatasi.

Siku ya mgawo mama alisoma majina kwa sauti, mstari mmoja mmoja, na kila mwanachama akafuatisha katika simu yake au kwa jirani. Madaftari ya karatasi yalifunguliwa, yakalingana. Alipofika mstari wa 17 akasema hisa 143, akanyamaza kidogo. Hakuna aliyebisha. Yule aliyeanza maneno ya kisimani alikuwa akitazama viatu vyake. Hakuomba radhi siku ile, alikuja baada ya majuma mawili na ndizi.

Mjane alihesabu shilingi 328,900 mara mbili. Kisha akauliza kama na yeye, asiye na simu, aweza kupewa karatasi. Mama akampa moja ya zile tatu, mjane akaikunja mara nne na kuifunga pamoja na fedha katika pembe ya kanga.