SAUTI YA AJUZA WA ZIWANI

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Ndiyo sababu Chama chetu cha Kiswahili kilipokata shauri kutunga mchezo wa redio, hatukwenda mbali kutafuta kisa. Tulimchukua Nyamgondho mwana wa Ombare, yule mvuvi maskini wa Gwassi. Hadithi yasema alimnasa ajuza wavuni, akamwoa, na mali ikamiminika. Siku moja akarudi amelewa chakari, akamtukana kuwa alimwokota majini. Ajuza akarejea ziwani, mifugo yote ikamfuata unyounyo, naye Nyamgondho akageuka gogo pale Nyandiwa.

Mchezo wa redio si jambo geni kwetu. Wakenya walianza kusikiliza "Ushikwapo Shikamana" mwaka wa 1987, nao Watanzania wakamjua Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, katika "Twende na Wakati" ulioanza 1993. Lakini sisi tulitafuta watu wa kujitolea. Malipo yao? Ahsante na chai ya jioni.

Ndugu msomaji, darasa lilijaa pomoni! Kila mvulana alitaka kuwa Nyamgondho. Hakuna aliyetaka kuwa mnyama. "Omera, mimi nilie kama mbuzi mbele ya wasichana?" mmoja akalalamika. Mwishowe kijana wa Kidato cha Kwanza akalia mee, tukavunjika mbavu, akapewa zizi zima peke yake.

Tulisikiliza tukiwa tumewapa wasomaji mgongo, maana redio haina sura. Kila mmoja alisoma mistari ileile, mara kwa hasira, mara kwa kunong'ona.

Kazi ilikuwa kwa ajuza. Dada mmoja wa Kidato cha Pili, kwao Dunga, aliposoma, kimya kilitanda kama cha makaburini. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye uchovu wa mtu aliyeona mengi. Lakini alipofika pale ajuza anapoiamuru mifugo, "Shukeni ziwani!", akatamka, "Sukeni ziwani!" Wee! Vicheko vikaangua darasa. Ati ng'ombe wakasuke nini majini, mikeka?

Hapo mjadala ukazuka. Wengine wakadai tutachekwa na shule jirani, afadhali tumpe mwenzetu aliyelelewa Mombasa. Mimi nikapinga. Dholuo haina sauti ya "sh" wala "z", basi mtoto wa kando ya ziwa huzikuta sauti hizo baadaye, sawa na mgeni anavyohangaika na "ng'" yetu. Tena ajuza huyu alitoka ziwa hili hili, si Bahari ya Hindi. Na msikilizaji wa redio hana uso wala vazi la kutazama. Asipoiamini sauti, mchezo umekufa. Dada mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, karibu atoke. Lau angetoka, nahofu asingefungua kinywa tena katika kikao chochote cha Kiswahili.

Mwalimu mlezi akasema taratibu, "Maneno haya tumeyaandika sisi kwa penseli. Sauti ile nani ataiandika?" Akafuta "shukeni", akaandika "ingieni". Basi, yakaisha. Yule wa Mombasa akawa msimulizi. Kwa hiari yake akaanza kumfundisha dada "sh" kila jioni, naye akafundishwa kulitamka jina la Nyamgondho sawasawa.

Tulirekodi kwa simu ya Mwalimu, ndani ya stoo, tukiwa tumezungukwa na magodoro ili kuzuia mwangwi. Ziwa lenyewe lilikuwa beseni la maji na mkono mmoja wa kuyakoroga.

Wanafunzi wenzangu, matamshi sanifu ni jambo jema, na tuyatafute kwa bidii. Lakini tukiwacheka wanaojaribu, lugha hii itabaki kwa wachache waliobahatika kuzaliwa nayo, na wengine wote watajinyamazia. Karibuni chamani, kila mtu na sauti yake. Haba na haba hujaza kibaba. Ulimi nao hujazwa vivyo hivyo.