Kicheko Hiki Analipa Nani?

Sisi ni wanawake watatu wa ukoo mmoja, wenyeji wa Mombasa, tunaoishi na watoto wetu katika mtaa wa Umoja, Nairobi. Kwetu, swali la kwenda matembezini halikuwa na mjadala: jua likipoa tulikwenda Mama Ngina, tukala mihogo na madafu, tukatazama meli zikiingia Kilindini, na Isha ikatukuta nyumbani. Nairobi mambo ni mengine. Huku vijana huzungumza habari za wachekeshaji, na likizo iliyopita binti yetu mkubwa alituomba tumpeleke kwenye onyesho mjini.

Wapo jamaa waliotuambia tukatae papo hapo. Hatukuona haki. Sisi wenyewe tulilelewa na Vitimbi na Vioja Mahakamani. Nani katika rika letu hakumcheka Mzee Ojwang na Mama Kayai? Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na mzaha. Yumo katika Hadithi mtu aliyemwomba mnyama wa kupanda, naye akamjibu kuwa atampa mtoto wa ngamia. Yule bwana akashangaa atafanya nini na kitoto, hata akakumbushwa kwamba kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Alitania, lakini hakusema ila kweli, wala hakumdhalilisha mtu.

Basi tukachagua kwa uangalifu, au ndivyo tulivyodhani. Tuliuliza saa, tukapata onyesho la alasiri. Tuliuliza kama pombe huuzwa, tukaambiwa haiuzwi. Tuliuliza namna ya kurudi, tukaafikiana turudi sote pamoja. Tukamwalika na jirani yetu wa mlango wa pili, Mkristo kutoka Ukambani, ambaye kila Idi hula pilau yetu, na kila Krismasi hutuletea matunda na soda kwa kuwa anajua nyama ya kwake hatuli.

Mchekeshaji alikuwa hodari, hatumnyimi haki yake. Aliwaiga watu wa kabila hili kwa kupenda chakula, wa kabila lile kwa kupenda fedha, na sisi tukacheka hadi machozi. Akafika Ukambani, akawasingizia uchawi, tukacheka pia. Kisha akageukia Pwani: uvivu, kulala chini ya mnazi, na lafudhi yetu akaivutavuta. Hapo vicheko vyetu vilianza kupungua. Mwisho akatuona pale safu ya tatu, akauliza mbele ya ukumbi mzima tumeficha nini ndani ya mabuibui. Ukumbi ukavuma. Binti yetu akainamisha kichwa. Jirani yetu hakucheka. Alimshika mkono, akaushikilia mpaka mwisho.

Ndani ya matatu tukarudi tukilaumu. Tulipokwisha kusema yote, binti akauliza kwa upole, “Lakini mama, mbona alipowacheka watu wa kwao jirani, sisi sote tulicheka?”

Hatukuwa na jibu. Aya ya 11 ya Surat Al-Hujurat tumeihifadhi tangu chuoni. Inakataza watu kuwadharau watu wengine, kisha inawataja wanawake peke yao, na kutuonya kwamba huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Tuliisoma kwenye darsa mara nyingi, lakini siku ile tuliiacha mlangoni pa ukumbi.

Asubuhi yake tulibisha hodi kwa jirani kumwomba radhi. Alitukaribisha chai. “Mimi nimezoea,” akasema. “Ukikata tiketi, unajua zamu ya watu wako itafika.” Neno lile la kuzoea lilituuma kuliko kama angalitukasirikia.

Tangu siku hiyo tumeongeza sharti moja juu ya yale ya zamani. Kabla ya kulipa, tunamtazama mchekeshaji kwenye simu na kuuliza: kicheko hiki analipa nani? Akijicheka mwenyewe, akiwacheka wakubwa wanaojikweza au vituko vya maisha yetu sote, twende. Akimcheka mnyonge, au mzaha wake hauwezi kusemwa jirani akiwa ameketi karibu nasi, fedha zetu zibaki mfukoni. Masharti mengine hayakuondoka. Nairobi Maghribi huingia mnamo saa 12:30 jioni mwaka mzima, ikizidi au kupungua kidogo tu, basi hakuna udhuru wa kutopanga. Na aliye katikati ya mji, Msikiti wa Jamia haumpi mbali.

Tena si lazima kila kicheko kikatiwe tiketi. Jumamosi moja ya kila mwezi tunatandika mkeka juu ya paa la nyumba yetu, baina ya kamba za nguo, tukapika viazi karai. Watoto hutegeana vitendawili, nasi huwasimulia visa vya Abunuwasi, ambavyo wanaochekwa humo ni mabahili na wenye kiburi. Jirani yetu huja na hadithi za sungura alizosimuliwa na nyanya yake, na hakuna atuchekeshaye kama yeye.

Mola atujaalie tuwe watu ambao jirani zetu wamesalimika na ndimi zetu, na vicheko vyetu pia. Amin.