Petroli ya kujifungulia

Songo Mnara hakuna barabara ya magari. Gari la familia huko ni boti, na injini yake, ambayo wenyewe huiita mashine, hufungwa nyuma ya boti asubuhi na kubebwa begani jioni kurudishwa nyumbani. Anayesoma mbinu za kupunguza ulaji wa mafuta wa gari kuukuu anaweza kudhani hazimhusu mtu wa kisiwani, kumbe zinamhusu kuliko mwenye Corolla ya Lindi mjini. Gari likizima Nangurukuru, dereva hushuka akasimamisha bodaboda. Mashine ikizima usiku kati ya kisiwa na Kilwa Masoko, abiria wote wanategemea kasia na mkondo.

Baba mmoja wa kisiwani, mwenye watoto wawili na wa tatu njiani, aliona dalili mapema. Dumu la lita 20 lililokuwa likimpeleka Masoko na kumrudisha, likabaki kidogo, lilianza kuisha kabla hajafika nyumbani. Mashine yake ni ya nguvu za farasi 15, ya mipigo miwili, yaani ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli. Ilianza kutoa moshi mwingi na kugoma kuwaka asubuhi. Akaongeza petroli, na iliyoongezwa ilitoka kwenye dumu la akiba lililowekwa kando kwa ajili ya mke wake, mjamzito wa miezi minane.

"Baba watoto," mke alimuuliza, "petroli ya kujifungulia iko wapi?"

Hakuwa na jibu, na swali lile lina uzito kuliko linavyosikika. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wizara na mashirika ya afya bado yanatumia maelezo hayo. Kwa mama wa Songo Mnara, ucheleweshaji wa pili ni bahari. Akiandikiwa rufaa ya Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, atavuka maji kwanza ndipo aikute barabara. Namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo na mjamzito, mzazi au mwenye kichanga anapopata dharura, na ni vema kuipiga mapema. Lakini boti iliyo ufukweni bila petroli haiendi kokote.

Siku ya bamvua, maji yalipokupwa na boti ikakaa mchangani, baba huyo alimwita jirani, nahodha mzee, aje kuitazama mashine.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mashine unaisingizia, mjukuu wangu. Chombo hiki umekitia moto lini?"

Hakuitazama mashine kabisa. Aliinama chini ya boti, akapitisha kiganja kwenye mbao. Zilikuwa zimeota majani ya bahari na vikome vidogo vyeupe vyenye makali ya wembe. Boti yenye tumbo chafu huvuta maji kama mtu anayeogelea na kanzu. Mashine hulazimika kuzunguka kwa nguvu zaidi kwa mwendo uleule, na nguvu hiyo hulipiwa kwa petroli.

Basi kazi ilianzia chini. Petroli yote na mashine vilipelekwa mbali kwanza, juu ya upepo. Tumbo la boti likakwanguliwa, likachomwa kwa moto wa makuti makavu unaopita haraka bila kuunguza mbao, kisha likapakwa deheni, ile shahamu iliyochanganywa na chokaa. Wazee wa pwani walifanya hivyo kwenye majahazi kabla petroli haijajulikana. Wengi wenye mashine leo wameacha, wakidhani nguvu za farasi zitafidia.

Mashine yenyewe ilifuata, kivulini mwa mwembe, mbali na jiko. Plagi ilifunguliwa kwa spana yake. Ilikuwa nyeusi, imelowa oili. Plagi ya mashine yenye afya hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Nyeusi iliyolowa huonyesha kwamba oili imezidi au petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Nyeupe kama chokaa huonyesha mashine inapata joto kupita kiasi, na hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi. Ilisuguliwa na kukaushwa kwa muda huo, huku mpya ikiagizwa Masoko. Plagi ni kifaa cha bei ndogo ambacho watu hukibania mpaka kinawala petroli ya mara nyingi ya bei yake.

Kosa lenyewe lilikuwa kwenye kipimo. Oili ilikuwa ikimiminwa kwa kukadiria, "mpaka rangi ikolee". Kitabu cha mashine yake kinataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita, au mililita 400 kwa dumu zima la lita 20. Mashine nyingine zina kipimo tofauti, kwa hiyo kila mtu asome cha kwake. Oili ikizidi, plagi huchafuka na moshi hujaa. Ikipungua, pistoni hukwama, na hapo hasara si ya petroli tena. Mke wake aliipata chupa ya dawa ya kikohozi yenye alama za mililita, akaiosha na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: OILI TU.

Kabureta ilifunguliwa ikasafishwa chumvi na utandu wa petroli ya zamani. Kwenye propela ulikutwa mshipi wa kuvulia umejizungusha mpaka ndani, na panga moja limepinda kwa kugonga mwamba. Mshipi ukakatwa, panga likanyooshwa kwa uangalifu. Mwisho mashine iliwashwa kwa dakika chache ikiwa ndani ya nusu pipa la maji ya kisima, kuondoa chumvi kwenye njia za kupozea. Wengine huona ni kufuja maji mahali ambapo ndoo hubebwa kichwani. Maji yale yale humwagiwa minazi baadaye, na mashine isiyopoa vizuri haifiki mbali.

Wenye magari kuukuu bara wana hesabu yao. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kulitengeneza gari lililopoteza mpangilio wa injini huongeza umbali linaokwenda kwa mafuta yaleyale kwa wastani wa asilimia 4 hivi. Si nyingi kama mafundi wa mtaani wanavyoahidi. Upepo wa matairi, mzigo usio wa lazima na mguu mzito kwenye moto nao hula mafuta. Majini ni vivyo hivyo: nahodha anayepunguza moto kidogo, anayeteremsha mawe na nyavu zisizohitajika, na anayesubiri mkondo wa maji ya kujaa au kupwa umsukume badala ya kupambana nao, huokoa petroli ambayo hakuna plagi itakayomwokolea.

Kuna jambo moja ambalo siku ile lingeweza kuharibu yote. Kijana aliyekuja kusaidia alitaka kuhamisha petroli kwa kunyonya mpira mdomoni, kama afanyavyo kila mtu. Mama alimzuia, na alikuwa na haki. Hatari kubwa ya petroli iliyomezwa iko kwenye mapafu kuliko tumboni. Ni nyepesi, na kiasi kidogo kikimpalia mtu hutawanyika mapafuni na kuleta nimonia mbaya. Ndiyo sababu mtoto aliyekunywa petroli au mafuta ya taa hatapishwi kwa kidole wala kwa chumvi: kutapika huyapitisha mafuta kooni mara ya pili. Kumnywesha maziwa hakuondoi sumu, na huweza kumfanya atapike. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa maji na sabuni, apelekwe kituo cha afya hata akionekana mzima, kwa maana kukohoa na kuhema kwa shida kunaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Watoto wengi huifikia petroli kwa sababu imewekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto wa miaka miwili hasomi harufu, anaijua chupa. Nyumba hii ilikuwa na chupa mbili za namna hiyo dirishani, zikamwagwa kwenye tangi na kutobolewa siku hiyohiyo. Dumu la akiba nalo lilitolewa chumbani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukute moto wa kuni au kibatari, hata kama dumu liko chumba kingine. Sasa linakaa nje, kwenye kibanda chenye kivuli, kifuniko kimekazwa, juu kuliko mkono wa mtoto.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo iliondoka na maji ya kupwa na kurudi na maji ya kujaa. Dumu lilirudi na petroli ndani yake, na moshi ulikuwa mwembamba. Nahodha mzee alisema ni deheni, baba akasema ni kipimo cha oili, na ubishi huo bado unaendelea barazani.

Dumu la akiba limejazwa tena, na mama ndiye mwenye kauli juu yake. Petroli iliyochanganywa oili huchoka ikikaa, kwa hiyo kila mwandamo wa mwezi humruhusu mumewe aimimine kwenye tangi na kuitumia, ila dumu jipya liwe limekwisha kufika kwanza. Tarehe huiandika kwa chaki ubavuni mwa dumu.