Mguu wa Hiari

Hapa Nyangwe, kando ya mto Lualaba nchini Kongo, ukisema barzani kwamba unakwenda kufanya mazoezi, watu watakuuliza kama shamba lako limeisha. Na swali lina haki yake. Mtu aliyetoka alfajiri kwenda kwenye mpunga, akarudi jua kali na kuni kichwani, jioni akashuka tena kuchota maji kwa bidoni, umwambie akimbie wapi?

Mimi kazi yangu ni ya meza: madaftari, mihuri, watu wanaosubiri mlangoni. Safari ya Kasongo ni zaidi ya kilomita 50, huko pikipiki haina mjadala. Lakini kiti cha nyuma cha pikipiki kina utamu wake, na ukishauzoea utajikuta umepanda hata kwenda sokoni. Siku moja muuguzi alinifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akapuliza, akasikiliza, akakunja uso, akapuliza tena. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Alinipa vidonge, akanikataza makayabo, samaki wa chumvi ambao nawapenda kupita kiasi, kisha akasema: “Na utembee, baba. Utembee mpaka pumzi ipande kidogo.”

Ushauri huo ni mwepesi kwa masikio, lakini una ushahidi mzito. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alichapisha alichokiona kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Basi ni lilelile, mwajiri ni yuleyule, ila dereva anashinda ameketi na kondakta anashinda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Morris mwenyewe aliishi karibu miaka 100. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ajitikise dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kwa mwendo wa kupandisha pumzi. Msuli unapofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu, hata pale insulini inapokuwa imezembea. Moyo uliozoeshwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo unapopumzika hauna haja ya kupiga mbiombio.

Kama ni hivyo, basi shangazi yangu angekuwa na afya kuliko sisi sote. Mwone akitwanga sombe: miguu ameitanua, mchi unapanda juu ya kichwa na kushuka kinuni, majani yanalainika taratibu, na bado kuna muhogo unaosubiri zamu yake kwa ajili ya bugali. Hakai. Hata hivyo akitaka kuinuka kutoka kwenye kigoda hushika ukuta kwanza. Magoti yanamuuma, kiuno kinamuuma, na usiku halali kwa uchovu, jambo ambalo wasiolijua hudhani haliwezekani.

Kuna watafiti wa Denmark walioliangalia swali hili kwa miaka, wakaona kwamba jasho la kazi nzito halileti faida ileile inayoletwa na jasho la mtu anayejichosha kwa hiari yake. Wanaeleza kuwa mzigo wa kazi hudumu saa nyingi mno, huiweka presha juu kutwa nzima, na mbebaji hana ruhusa ya kupunguza mwendo wala kutua anapochoka. Shangazi hakuhitaji kuelezwa hayo. Alipoona nimevaa viatu vya raba kwa ajili ya kutembea tu, aliguna: “Heri yako wewe, mwanangu, unayechoka kwa kupenda.”

Neno hilo lina uzito katika mji huu. Mvumbuzi David Livingstone alifika hapa Machi 1871, baada ya vidonda vya miguu kumfungia ndani muda mrefu kule Bambarre, upande wa Kabambare. Alipenda kwenda sokoni kutazama tu: wanawake waliofika kwa miguu na kwa mitumbwi, na muhogo, vyungu, samaki, kuku, mafuta ya mawese, wakibishana bei na kucheka. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo watu wa misafara ya biashara ya Waarabu wakalipiga soko hilo bunduki. Wengi walikufa majini wakikimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Katika miaka hiyo njia zetu zilipitisha watu waliofungwa na pembe za ndovu mabegani, kuelekea Ujiji, Tabora na pwani. Majeshi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipoiteka Nyangwe Machi 1893, mzigo ulibadilisha mmiliki, mbebaji akabaki yuleyule. Mzee wa hapa akisikia mtu anausifu mguu, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, mimi simlaumu.

Ndiyo maana sipendi mahubiri ya mazoezi yanayotoka kwa mtu ambaye maji yake yanachotwa na mwingine. Nyumbani tulianzia hapo. Vijana wenye baisikeli ndio wanaoleta mabidoni ya maji siku hizi, mawili kila upande, na kutwanga ni kwa zamu, wavulana wakiwemo. Walilalamika kidogo. Mikono yao haijakatika.

Jioni mimi nashika njia ya kando ya Lualaba. Presha imeshuka, vidonge naendelea kumeza kama nilivyoagizwa, na usingizi umekuwa wa mtu aliyelima. Lakini faida niliyoiona mapema zaidi ni ya moyo ule mwingine, wa hasira: maneno ya ofisini ninayotoka nayo kifuani huwa yamelegea kabla sijawafikia wavuvi wanaokunja nyavu. Simu naiacha nyumbani.

Siku hizi shangazi hufuatana nami, pole pole, mikono mitupu. Mwanzoni aliona haya kupita mbele za watu bila kitu kichwani, akataka angalau abebe kikapu. Majirani wakamwuliza anakwenda wapi. “Siendi popote,” akawajibu, “na nyinyi mkitaka, njooni.” Kisha akanigeukia: “Na wewe punguza mwendo, mwanangu. Kwani kuna anayetudai?”