Kiti Mashuani: Mila za Klabu ya Makasia ya Cambridge

Mwacha mila ni mtumwa, walilonga wahenga. Methali hii aghalabu husemwa kwa wepesi mno, kana kwamba kila mila ilishuka pamoja na mvua wala hapana mkono wa mtu ulioitunga. Atakaye kuona jinsi mila inavyotungwa, ikakazwa, kisha ikalegezwa kwa shingo upande, hana budi kutazama mahali ambapo mambo haya yamehifadhiwa pamoja na tarehe zake. Mahali pamoja pa aina hiyo ni Klabu ya Mashua ya Chuo Kikuu cha Cambridge, nchini Uingereza.

Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1828. Nyumba yake ya mjini, iliyojengwa mwaka 1882 ukingoni mwa Mto Cam, inaitwa Goldie, kwa kumbukumbu ya John Goldie, mwanafunzi aliyewaongoza wenzake mwaka 1870 kuikomesha Oxford baada ya ushindi wa miaka tisa mfululizo. Ndani yake kuna chumba ambacho kutani mwake yameandikwa majina ya waliopambana na Oxford tangu mwaka 1829, kikosi baada ya kikosi. Anayeingia humo akiwa mgeni huenda akadhani yumo katika nyumba ya ibada. Hakosei sana.

Chombo chenyewe kinahitaji maelezo kidogo kwa msomaji aliyezoea jahazi na ngalawa. Ni mashua ndefu, nyembamba mno, isiyo na tanga. Hukaa humo wapiga makasia wanane, kila mmoja akiwa na kasia moja tu, wote wakiupa mgongo upande wanakoelekea. Wa tisa ni mshika usukani, aliyeketi tezi, na ndiye pekee atazamaye mbele. Tangu mwaka 1873 viti katika mashindano ya Cambridge na Oxford huteleza juu ya reli ndogo, hivyo kwamba nguvu ya miguu nayo huingia katika kasia. Mmoja akichelewa kulitumbukiza kasia lake, hata kwa kitambo cha kupepesa jicho, wote wanane hulihisi kosa lake.

Kutokana na umbo la mto wa nyumbani kulizuka desturi ambayo pengine ndiyo ya kupendeza kuliko zote. Mto Cam ni mwembamba, wala mashua nyingi haziwezi kwenda humo sambamba. Tangu mwaka 1827 wanafunzi walitafuta njia nyingine. Mashua za vyuo vidogo vinavyounda chuo kikuu hicho hupangwa mstari mmoja, ya nyuma ikiacha nafasi kati yake na ya mbele. Mzinga hulia, na kila mashua huikimbiza iliyo mbele yake ili iiguse, huku yenyewe ikiikimbia iliyo nyuma. Iliyogusa na iliyoguswa hubadilishana nafasi siku ya pili. Mashindano makubwa ya aina hii huchukua siku nne. Wanaogusa wenzao hurejea nyumbani wamejipamba kwa matawi ya miti. Wanaofaulu kila siku hujipatia haki ya kutundika kasia lililopakwa rangi na kuandikwa majina yao. Mashindano haya huitwa ya Mei. Hufanyika Juni. Mwezi ulihama, jina likabaki, na hapana anayeona haja ya kulisahihisha.

Ushindani na Oxford ulianza kwa urafiki wa vijana wawili waliosoma pamoja shuleni Harrow: Charles Merivale, aliyekwenda Cambridge, na Charles Wordsworth, aliyekwenda Oxford, ambaye mshairi William Wordsworth alikuwa ami yake. Machi 1829 klabu ya Cambridge ilituma barua ya kuwataka wenzao wapambane mtoni. Shindano likafanyika Juni 10, 1829, huko Henley katika Mto Thames, na Oxford ikashinda. Barua ile ilizaa mila: hadi leo, aliyeshindwa mwaka uliopita ndiye anayemwita mshindi uwanjani. Sarafu ya dhahabu ya mwaka 1829 ndiyo inayorushwa kuamua nani atachagua upande wa mto.

Rangi nayo ina kisa chake. Kabla ya shindano la pili, mwaka 1836, mtu mmoja wa upande wa Cambridge alinunua utepe wa buluu hafifu ili ufungwe mashuani kuleta bahati. Utepe wa dukani, ulionunuliwa kwa haraka! Leo rangi hiyo ndiyo nishani ya wanamichezo wa chuo kizima, na mtu hupewa cheo cha kuivaa kwa haki maalumu. Mwaka 1845 shindano lilihamia London, kati ya Putney na Mortlake, mwendo wa karibu kilomita 6.8, na tangu mwaka 1856 limekuwa la kila mwaka isipokuwa wakati wa vita viwili vikuu na mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko ulipolizuia.

Baada ya ushindi, mshika usukani hutupwa mtoni na mabaharia wake kwa furaha. Mwaka 2024 wanafunzi walionywa waiache desturi hiyo, kwa kuwa Mto Thames ulikutwa na bakteria wengi wa maji taka.

Mambo haya yote ni mepesi. Zito ni swali la nani mwenye haki ya kiti.

Wanafunzi wa kike wa Newnham, mojawapo ya vyuo vya Cambridge, walikuwa na klabu yao ya makasia tangu mwaka 1893. Mwaka 1927 wanawake wa Cambridge na Oxford walikutana kwa mara ya kwanza, lakini mashua zao hazikuruhusiwa kuwa mtoni pamoja. Kila kikosi kilikwenda peke yake, na waamuzi wakapima kasi na pia uzuri wa mtindo. Hebu tufikiri: mwanamume aliulizwa amefika lini, mwanamke aliulizwa pia alionekanaje alipokuwa akija. Ukingoni walijaa watu, wengi wao wakiwa wamekuja kupinga. Klabu ya wanawake ya chuo kikuu kizima iliundwa mwaka 1941, nao wanawake hawakupewa shahada kamili za Cambridge hadi mwaka 1948. Kwa maneno mengine, waliuvujia jasho umaarufu wa chuo ambacho kilikuwa bado hakijakubali kwamba ni wanafunzi wake sawa na wengine.

Mwaka 1981 Susan Brown alishika usukani wa mashua ya wanaume ya Oxford, akawa mwanamke wa kwanza katika shindano hilo, na akashinda. Watetezi wa mila hawakuzama. Hata hivyo wanawake waliendelea kushindana Henley, mbali na kamera na umati, mpaka Aprili 11, 2015, walipopewa mto uleule wa London, siku ileile na wanaume. Kutoka mwaka 1927 hadi 2015 ni miaka 88. Inafaa kukumbuka pia kwamba mlango haukufunguliwa na busara ya vyuo peke yake. Kampuni iliyodhamini shindano, ikiongozwa na mwanamke, Helena Morrissey, ilitaka usawa huo. Fedha nayo, mara moja moja, husema la haki.

Mwaka uliofuata mto uliwapima. Upepo ulivuma dhidi ya mkondo, mawimbi yakapanda, na mashua ya wanawake wa Cambridge ikajaa maji kiasi kwamba wapiga makasia walikuwa wameketi ndani ya mto kuliko juu yake. Oxford ilikuwa imekwishatangulia mbali. Wangeweza kuacha, na hapana ambaye angewalaumu, maana vikosi vya wanaume vilikwisha kuzama katika mto huo: mwaka 1912 mashua zote mbili zilizama. Hawakuacha. Walifika Mortlake wameshindwa vibaya, wakiburuta chombo kilichokaribia kuwa kisima. Mwaka 2017 walirudi wakashinda kwa muda wa dakika 18 na sekunde 33, rekodi mpya ya wanawake katika njia hiyo. Mwaka 2020 klabu ya wanaume, ya wanawake na ya wapiga makasia wa uzani mwepesi ziliunganishwa kuwa klabu moja, chini ya jina lile la mwaka 1828.

Ingedhaniwa kwamba hapo swali la kiti limekwisha. La hasha. Kabla ya shindano la mwaka 2025, jopo liliamua kwamba wanafunzi wanaosomea cheti cha uzamili cha ualimu wasishiriki, kwa hoja kwamba kozi yao haiishii katika shahada. Oxford ndiyo iliyotaka tafsiri hiyo. Cambridge ilipinga, kwani miaka ya nyuma wanafunzi wa kozi hiyo waliwahi kuketi mashuani. Mwaka 2019 mwanamume wa umri wa miaka 46, James Cracknell, bingwa wa Olimpiki, alikuwa ameshindana na kushinda kwa kuwa alisomea shahada ya uzamili. Huyo kanuni ilimtambua kuwa mwanafunzi. Kijana anayejifunza kusimama mbele ya darasa la watoto ikamkataa.

Wasomaji wengi wa kurasa hizi ni walimu, au watakuwa walimu karibuni, nao wanajua uzito wa kazi ambayo kanuni hiyo iliihesabu kuwa pungufu. Wapo watakaosema ni mchezo tu. Lakini mwaka 1927 nao ulikuwa mchezo tu.

Aprili 13, 2025, Cambridge ilishinda mashindano yote mawili, ya wanaume na ya wanawake. Walimu wanafunzi waliozuiwa hawakuwamo mashuani.