Boksi la mjomba: mali au karatasi za kufungia karanga?

Sisi Wamakonde, kama ndugu zetu Wamakua na Wayao, ukoo tunauhesabu upande wa mama. Ndiyo maana mjomba akifariki, macho yote humgeukia mpwa. Wenzangu wakadhani mwenzao nimeula! Kumbe nilichokabidhiwa baada ya arobaini, hapa Newala, ni boksi la brosha na vitabu vya magari, vingi vya Land Rover. Mjomba alikuwa dereva, na madereva wa zamani walitunza karatasi za gari kama cheti cha ndoa.

Basi, akaja bwana mmoja kutoka Dar, akapekua kidogo, akataja elfu 20 kwa boksi zima. Binamu zangu wakataka tupokee haraka, tugawane, yaishe. Mimi nikagoma. Jamani, kitu usichojua hata umri wake utakiuzaje?

Umri wenyewe, msomaji, hauhitaji digrii. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Series II ikafuata 1958, IIA mwaka 1961 na III mwaka 1971. Hebu itazame picha kwenye brosha: taa kubwa zikibanana katikati, huku na huku ya pua, gari hilo ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 60. Zikiwa zimehamia kwenye madigadi, ni la baadaye. Ukikuta jina la British Leyland, brosha haikuchapwa kabla ya 1968, maana kampuni hiyo iliundwa mwaka huo.

Lililonishangaza ni bei. Nilidhani kitabu kinene cha ufundi ndicho chenye pesa, kumbe kwa wanaokusanya vitu vya kale brosha nyembamba inaweza kukipita. Brosha ziligawiwa bure, watu wakazitupa, zilizobaki zikawa adimu. Kitabu cha ufundi kimechapwa upya, anayekitaka ananunua kipya. Tena watu hao wanapenda usafi. Doa moja au ukurasa uliochanika, bei inashuka.

Kwa kipimo hicho vitabu vya mjomba ni uchafu mtupu. Karibu kila ukurasa una dole la grisi. Penye uwazi wa valvu, inchi 0.010, kapiga mstari mara mbili. Penye kichujio cha hewa kaandika kwa penseli: "Vumbi la njia ya Masasi, safisha kila safari." Hilo kiwanda cha Uingereza hakikuliandika! Fundi mmoja wa Masasi, ambaye bado anahangaika na 109 ya zamani, alikiinamia kitabu hicho saa nzima, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, hiki usikiuze. Mimi nitakuwa nakuja kusoma."

Nikawaeleza binamu, wakanielewa. Brosha safi ziko sita. Tutaziuza moja moja, si kwa boksi, na kila mtu atapata mgawo wake. Nawe uliyerithi karatasi za gari, zisome kwanza kabla muuza karanga hajazifikia.

Vile vitabu vya grisi vinabaki Newala. Anayetaka kuvisoma aje tu, hata na mikono michafu ruksa.