Shati Mkononi mwa Askari

Msomaji, nakuomba usinicheke kabla sijafika mwisho. Mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka 19, nilisimama kizimbani kwa makosa mawili. La kwanza lilikuwa dogo: kupanda baiskeli usiku pasipo taa. La pili nililitenda kwa miguu yangu mwenyewe.

Usiku ule nilikuwa natoka Kilifi kurudi nyumbani, gunia la mahindi nyuma yangu. Askari polisi alitokea kandokando ya barabara akaniamuru nisimame. Nikasimama. Akauliza taa i wapi, nikajibu, "Sina, afande. Nimekosa." Akasema, "Basi, twende kituoni," akanishika ukosi wa shati. Laiti ningalimfuata! Lakini babu yangu alivishwa kipande shingoni katika enzi ya ukoloni, na nyumbani kwetu askari alikuwa mtu wa kukimbiwa, uwe na hatia usiwe nayo. Nilichomoka katika shati langu kama nyoka aachavyo gamba, nikaitupa baiskeli, nikatokomea mashambani kifua wazi. Sikufaidika kitu. Baiskeli ile ilikuwa ya baba, na mji mzima waliijua. Alfajiri walinichukua kitandani.

Mahakamani nilijiona mwerevu. Jirani yetu mmoja, mwanasheria wa barazani, alikuwa amenifundisha kwamba kwa sheria ya Kenya anayekamata hana budi kuugusa mwili wa mtu au kuuzuia. Nikamweleza hakimu kuwa askari hakuushika mwili wangu, alishika shati. Watu wakacheka, hata karani aliinamisha uso. Hakimu hakucheka. Alinijulisha kwa upole kwamba kifungu kile kina mkia ambao jirani yangu hakuusoma: mtu akijisalimisha kwa neno au kwa kitendo, amekwisha kukamatwa. Je, si mimi niliyesimama? Si mimi niliyesema nimekosa? Basi nilikuwa chini ya ulinzi halali, na kuutoroka ni kosa la peke yake, ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka miwili.

Lakini sheria haimbani mkimbiaji tu. Askari naye haruhusiwi kutumia nguvu kupita kiasi kinachohitajika. Na Katiba ya mwaka 2010 yataka aliyekamatwa aambiwe sababu upesi, kwa lugha aielewayo, tena kwa kawaida afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24. Hayo niliyasoma nikiwa mtu mzima.

Nilitozwa faini ya shilingi 600, na baba akauza mbuzi wawili. Shati, lililokuwa kielelezo cha ushahidi, askari yuleyule alilirudisha likiwa limekunjwa vizuri. Baba alilipokea yeye, akalitia kwapani. Tulikwenda nyumbani pasipo neno, naye akiisukuma baiskeli mwenyewe.